Mapigo ya Kidole cha Pete

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimekabidhiwa funguo za chumba cha kompyuta. Mwalimu mkuu alinipa huku akicheka. "Usije ukanirudishia watoto wasiojua kushika kalamu," akasema. Chumba kilikuwa stoo ya madawati mabovu, na bado kinanuka mbao na popo. Kompyuta ni za zamani, na kibodi nyingi zimefutika herufi. Mkuu aliomba radhi kwa hilo, lakini mimi sikusikitika. Mtoto anayetazama vidole hajifunzi kuchapa, anajifunza kutafuta.

Jumatano, 6 Machi

Somo la kwanza na darasa la nne. Wamegombania viti mpaka kengele ikalia.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekata maboksi ya viatu. Kila kibodi nimeifunika kwa boksi lenye matundu mawili ubavuni. Mtoto anaingiza mikono humo, anapapasa vijinundu kwenye F na J, anaweka vidole vyake, kisha anachapa ninachosoma bila kuona kitu. Kijana mmoja mnene, ambaye wenzake wanamwita Bosi, aliuliza kama kuna mnyama ndani. Darasa zima likacheka, lakini hakuna aliyetaka kutangulia kuingiza mikono.

Aliyetangulia ni msichana mdogo kuliko wote. Amekaa kiti cha mwisho, karibu na dirisha. Wanamwita Nukta. Aliingiza mikono kama mtu anayenawa, akatulia akisubiri.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua imeanza. Juu ya mabati haya hata kengele haisikiki.

Alhamisi, 14 Machi

Sijui niandike vipi jambo la leo.

Nilikuwa nawasomea sentensi fupi: "Mlango wa shule ni mpana." Mvua ilikuwa inamwagika, nami nilikuwa napaza sauti mpaka koo linauma. Ghafla ikakatika, kama mtu aliyefunga bomba. Katika ukimya ule nikasikia watoto wakichapa, kila mmoja na kusuasua kwake. Na katikati yao nikamsikia dada yangu.

Naandika tena ili nijisomee vizuri: nilimsikia dada yangu.

Dada alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mawakili. Yeye ndiye aliyenifundisha. Nilikua nikifanya kazi za shule ubavuni mwa meza yake, nikimsikiliza. Kidole chake cha pete cha mkono wa kulia kilikuwa hakikunjiki. Kilibanwa na mlango mwaka wake wa kwanza wa ndoa, ndivyo tulivyoambiwa. Kidole hicho ndicho cha L na O. Kwa hiyo kila akifika kwenye L au O alikawia kidogo, akauvusha mkono, akapiga kwa kidole cha kati, tena kwa nguvu kuliko herufi nyingine. Wapo watu wanaotambulika kwa kikohozi chao. Mimi dada nilikuwa namtambua kwa mapigo hayo hata nikiwa jikoni.

Dada amekufa miaka minane sasa. Basi alilopanda lilisombwa na mto pamoja na daraja, msimu wa mvua kama huu. Wengine walipatikana, yeye hakupatikana. Tulimlilia bila mwili.

Mapigo yalitoka kwenye kiti cha mwisho, karibu na dirisha. Mvua ikarudi, yakafunikwa.

Jumapili, 17 Machi

Shemeji kaja, kama kila Jumapili. Ni fundi umeme, hajaoa tena tangu dada afe, na mama hana mtu anayemsifu kama yeye. Leo kamletea dawa ya magoti, kisha akapanda juu kuziba bati linalovuja. Anaongea taratibu na hacheki ovyo. Mama humwita "mwanangu". Mimi aliyenizaa huniita "wewe hapo".

Nilitaka kuwasimulia habari ya Nukta. Watasema nimechoka.

Jumatatu, 18 Machi

Leo nilisimama nyuma ya Nukta tangu mwanzo. Alipofika kwenye L akakawia, akapiga kwa nguvu. Niliinua boksi. Kidole chake cha pete kilikuwa kimenyooka, kimekakamaa hewani, na vingine vinacheza chini yake.

"Kidole kinakuuma?"

"Hapana, mwalimu."

"Hebu kikunje."

Akakikunja bila taabu.

"Sasa mbona hukitumii?"

Akanishangaa kana kwamba nimemuuliza kwa nini maji yana unyevu. "Hiki huwa kinalala," akasema.

Nikarudisha boksi.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Hakuna aliyesikia chochote.

Jumatatu, 25 Machi

Bosi anakaa jirani na Nukta. Leo naye amekawia kwenye L. Nilipomuuliza alisema, "Hivi ndivyo inavyokwenda haraka, mwalimu. Nukta ndiye wa kwanza darasani, si tunamfuata?" Alionyesha kukerwa kidogo, kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi.

Alhamisi, 28 Machi

Ndilo nililokuwa naliogopa. Asubuhi hakukuwa na mvua. Niliwapa sentensi yenye O nyingi, kwa makusudi, sijui nilikuwa najitafutia nini. Darasa zima likachapa, likakawia, likapiga. Likakawia, likapiga. Chumba kizima cha watoto, mikono imezama ndani ya maboksi, nyuso zinatazama mbele bila kupepesa, na dada yangu anachapa kutoka kila meza.

Nikasema, "Basi, inatosha."

Waliendelea mpaka nukta ya mwisho ya sentensi. Ni kweli nimewafundisha mwenyewe kutokatisha sentensi.

Mwalimu mkuu alichungulia dirishani, akatikisa kichwa kwa kufurahi. Baadaye aliniambia kwamba hajawahi kuona darasa linalokwenda pamoja namna ile. "Kama mtu mmoja," akasema.

Jumanne, 2 Aprili

Nilipiga moyo konde, nikambakiza Nukta wakati wa mapumziko. Nikampa kipande cha mkate wangu, akakipokea kwa mikono miwili.

"Nani alikufundisha kuchapa kabla hujaja kwangu?"

"Shangazi."

"Shangazi yupi? Dada yake baba?"

"Hapana. Shangazi wa chumba cha nyuma. Anamsaidia bibi kupiga pasi." Bibi yake ni dobi, hilo nalijua kwa kuwa watoto humtania kwamba sare yake husimama yenyewe kwa wanga.

"Mna kompyuta nyumbani?"

"Hatuna. Shangazi amechora herufi kwa chaki kwenye meza ya pasi. Tunachapa hapo. Zikifutika anachora tena."

"Jina lake nani?"

Nukta alitafuna mkate pole pole. "Anasema yeye ni shangazi tu."

Nimejiambia wapiga chapa wenye kidole kibovu wako wengi duniani. Nimejiambia hivyo njia nzima mpaka nyumbani. Kesho kutwa nitakwenda kuona.

Alhamisi, 4 Aprili

Sikwenda. Mto umejaa, njia ya chini haipitiki. Huo ni ukweli, lakini hata ingepitika sidhani ningekwenda.

Ijumaa, 5 Aprili

Maji yameingia ukutani, na soketi moja imetoa cheche mbele ya watoto. Mwalimu mkuu akaita fundi. Fundi mwenyewe ni shemeji. Sikulifikiria hilo, ingawa nani mwingine angeitwa.

Aliingia somo likiwa katikati, akanisalimu kwa adabu, akaomba tuendelee tu, soketi mbovu ameshaizima. Akalala chini ya meza ya ukutani. Zilikuwa zinaonekana buti zake tu. Niliwapa watoto maneno mafupi. Akili yangu ilikuwa kwenye cheche, na maneno yalinitoka tu: kalamu, mlango, polepole.

Darasa likachapa. Likakawia, likapiga.

Bisibisi ilikuwa inakwaruza ukutani. Ikanyamaza. Zile buti hazikutikisika. Watoto walimaliza maneno yote, na bado hazikutikisika. Nilihesabu pumzi zangu mwenyewe maana za kwake sikuzisikia.

Alipotoka chini ya meza uso wake ulikuwa na vumbi na haukuwa na kitu kingine. Akajipangusa magoti.

"Wanachapa vizuri," akasema. Kisha, kwa sauti ile ile ya taratibu, "Yupi aliyeanza?"

"Nimewafundisha mimi, shemeji."

"Hapana," akasema. "Wewe huchapi hivyo."

Akapita nyuma ya viti, mmoja baada ya mwingine, akasimama nyuma ya Nukta. Hakumgusa. Alisimama tu. Kengele ilipolia watoto wakatawanyika, naye akafunga mkoba wake akaenda zake bila kumaliza soketi.

Jumapili, 7 Aprili

Shemeji hakula. Mama alimpakulia mara mbili, akasukuma sahani kistaarabu. Mama alipokwenda jikoni akanigeukia.

"Yule mtoto mdogo wa dirishani anakaa wapi?"

"Kwao. Mimi sijui kwa watoto wote."

"Shemeji." Alitabasamu. "Mimi nilimsikiliza dada yako miaka mitatu kupitia ukuta. Alikuwa akijifungia chumbani na kazi za ofisi, nami nakaa sebuleni nikisikiliza. Mwisho nikawa najua anachoandika bila kukiona. Alikuwa akiandika barua ya kuniacha, nikaijua kwa masikio kabla hajaimaliza. Hakuna mtu mwingine duniani mwenye mapigo yale."

Aliyasema hayo kama mtu anayesimulia mapenzi yake. Na mimi, miaka yote hii, nilidhani ukimya wake ni huzuni.

"Kidole chake," nikasema. "Kilibanwa na mlango kweli?"

"Kilibanwa na mlango," akasema. "Mlango haujifungi wenyewe."

Mama akarudi na chai. Akaipokea, akamshukuru, akamwambia magoti yake sasa yanaonekana kupata nafuu.

Alipoondoka nilimuuliza mama jambo ambalo nyumba hii haijawahi kuuliza. Siku ile ya basi, dada alitaka kurudi kwa mumewe?

Mama alikuwa anafuta meza. Alifuta mahali pamoja kwa muda mrefu.

"Alikuwa amekuja mara ya tatu," akasema. "Watu walishaanza kusema. Nikampeleka stendi mimi mwenyewe. Mlangoni mwa basi akanishika gauni, hapa. Sikumpiga wala sikumfokea. Nilimbandua vidole kimoja kimoja. Kile kibovu ndicho kilichokuwa cha mwisho, kwa kuwa hakikunjuki wala hakikunjiki, kilikuwa kimenasa tu kwenye mshono."

Halafu akaenda kulala mchana kweupe.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimemfuata Nukta baada ya shule. Nilizunguka kwa njia ya sokoni na kugeuka nyuma kila mara, mpaka mtoto akaniuliza, "Mwalimu, umeangusha kitu?"

Nyumba ya dobi ina ua mwembamba. Mashuka yalikuwa yameanikwa chini ya paa la turubai kwa sababu ya mvua, safu kwa safu. Yamejaa maji na hayataki kukauka. Bibi dobi ni mwanamke mkubwa mwenye mikono iliyochubuka. Nilipojitambulisha alinitazama tangu utosini mpaka unyayoni, akasema, "Mnafanana masikio." Akanyanyua shuka moja kunipitisha.

Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa anagonga ubao kwa vidole, bila kibodi, bila herufi, kama watu wengine wanavyopiga mluzi. Nikasimama katikati ya yale mashuka yenye baridi, na kwa muda nilitaka kurudi nyuma. Aliyekufa ukimwacha amekufa, walau unajua mahali pake.

Nukta akatangulia kuingia. "Shangazi, mwalimu kaja."

Mapigo yakakatika.

"Mwambie aingie," sauti ikasema. "Asikanyage wanga."

Amekonda. Nywele zimeingia mvi upande mmoja. Alikuwa amesimama nyuma ya meza ya pasi, mikono yake ameiweka juu ya herufi za chaki. Hatukukumbatiana. Sijui kwa nini. Nadhani kila mmoja alikuwa anamwogopa mwenzake.

"Umekua," akasema.

"Ulikuwa kwenye lile basi."

"Nilikuwa. Liliposimama kujaza mafuta nikasema naenda chooni. Nikapita nyuma ya choo, nikapita nyuma ya kisima, nikaendelea kupita nyuma ya vitu mpaka nikaona niko mbali. Siku iliyofuata nikasikia redio ikitaja waliokufa, na mimi nimo. Nikasema basi, na iwe hivyo. Marehemu harudishwi kwa mumewe."

"Mama..."

"Sitaki kusikia ya mama leo."

Bibi dobi alileta maji ya kunywa, akaondoka na Nukta. Nilimweleza dada habari ya soketi, buti zisizotikisika, na maneno ya jana. Alisikiliza huku kidole kile kimenyooka juu ya meza kama cha mtu anayeonyesha njia. Nilikishika. Kilikuwa cha baridi kuliko vingine.

"Ulijua mwalimu wa Nukta ni mimi?"

"Mwanzo sikujua. Mtoto aliniona nikigonga meza, akataka kujua, nikamfundisha. Baadaye akaja akiniigizia mwalimu wake: vidole nyumbani, macho mbele, mgongo wima. Hayo ni maneno yangu. Nikajua. Ningeweza kumwachisha. Sikumwachisha. Nilitaka mtu mmoja tu asikie. Sikufikiri kwamba sauti haichagui sikio."

"Hama, basi. Nitakusaidia, twende popote."

"Nimehama miji mpaka nikachoka, nikarudi karibu na nilikoanzia, na sitoki ua huu. Hapa nina chumba, nina bibi anayenigombeza nisipokula, nina Nukta. Sihami." Akachukua kitambaa kibichi, akaanza kufuta herufi mezani, safu moja baada ya nyingine. "Wafundishe vingine."

"Nani?"

"Darasa lako. Kidole hicho kisilale tena. Wewe ufute shuleni, mimi nitamfutia Nukta hapa nyumbani."

Jumanne, 9 Aprili

Nimewaambia watoto tutaanza upya. Wamenung'unika.

Jumatano, 10 Aprili

Kidole cha pete, L. Kidole cha pete, O. Somo zima.

Ijumaa, 12 Aprili

Bosi amepata. Wengine wanapata halafu wanasahau wakiharakisha. Nikiwaambia "haraka" yeye anarudi, dada yangu, viti vinne vitano kwa pamoja. Nawapitia mmoja mmoja, nakishika kidole chao cha pete, nakishusha kwenye herufi. Nikawa nakumbuka maneno ya mama kuhusu stendi, nikaona aibu mikono yangu inafanana na ya nani.

Nimepita kwa dobi. Nilimwambia mama nina daftari za kusahihisha. Alitazama viatu vyangu vyenye madoa ya wanga, akarudi jikoni.

Jumapili, 14 Aprili

Shemeji alikuja. Hakuuliza chochote. Alikaa saa nzima akitazama vidole vyangu.

Jumanne, 16 Aprili

Nukta alilia leo. Alisema akichapa hivi hasikii kama kuna mtu pamoja naye. Nikamwambia najua.

Alhamisi, 18 Aprili

Shemeji kamaliza soketi leo. Alikuja na mwalimu mkuu, ambaye alitaka kumwonyesha "darasa letu la mtu mmoja". Hakukuwa na mvua. Wala upepo haukuwapo.

Alifunga skrubu ya mwisho, akajisafisha mikono, akasema, "Mwalimu, naomba nimsikie yule mdogo. Peke yake."

Mkuu akacheka. "Fundi naye anataka kutahini. Haya, mtihani."

Mbele ya mkuu singeweza kukataa. Nikaitikia kwa kichwa. Nukta akaingiza mikono ndani ya boksi.

Shemeji aliinama karibu na sikio lake. "Andika polepole," akasema. "Neno lenyewe. Polepole, polepole, polepole."

Nilitazama ukutani. Nukta akachapa. Herufi zilifuatana sawasawa kama matone ya bomba, hakuna iliyokawia, hakuna iliyopigwa kwa nguvu. Akamaliza.

"Haraka sasa," shemeji akasema.

Mtoto akavuta pumzi, akachapa haraka, na vidole vyake vikaenda vile vile, tambarare, kama vya mtoto yeyote wa shule yoyote. Shemeji alifunga macho. Alisubiri hata baada ya sauti kwisha, kichwa amekiinamisha, kama mtu aliyeitwa kwa mbali na hana hakika.

"Darasa zima," akasema.

Nikawapa sentensi. Wote wakachapa. Nilitega sikio langu kuliko yeye. Nilimtafuta dada kila kiti, kwa Bosi, dirishani, na hakuwepo mahali popote. Nilikuwa nimemtoa mwenyewe.

Shemeji akafungua macho. "Nilidhani..." akaanza. Akashika mkoba wake, akamshukuru mkuu, akaondoka akipapasa ukuta kama mtu aliyetoka juani.

Mkuu alisikitika kidogo. "Zamani walikuwa na mdundo wao," akaniambia. "Sasa wako kama mashine."

Ijumaa, 19 Aprili

Shule imefungwa. Watoto wameondoka na vyeti vyao. Nimezima swichi zote.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua ya manyunyu tangu alfajiri. Saa ya shemeji ilipofika tulikuwa sebuleni, mama anachambua dengu kwenye sinia, mimi napiga pasi. Akabisha.

Niliweka pasi chini niende kufungua, kwa mazoea. Mama akanishika mkono.

Akabisha tena, akaita kwa sauti yake ya taratibu, "Mama. Mama, ni mimi." Viatu vyetu viko nje, anajua tuko ndani. Mama hakuachia mkono wangu. Vidole vyake vilikuwa vimenibana kuliko nilivyodhani mwanamke wa umri wake anaweza. Akabisha mara ya tatu, kisha tukasikia hatua zake zikizunguka nyumba, zikisimama dirisha la kwanza, zikisimama dirisha la pili. Kivuli chake kilikaa kwenye pazia. Baadaye kivuli kikatoka, na geti likalia.

Mama ndiye aliyeanza kuongea, macho yake yako kwenye dengu.

"Huko unakokwenda, anakula?"

Nilimtazama. Hakuinua uso.

"Anakula, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Akaniachia mkono, akasimama kwa shida ya magoti, akaenda mlangoni, akashusha na komeo la juu ambalo hatujawahi kulitumia.